KWA FARASI KATIKA MAJUMBA YA LOIRE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni wa Chama)



Halmashauri imetuomba tuwaelezeni safari tuliyoifanya watu watano wa chama hiki wakati wa likizo: safari ya siku nane juu ya farasi katika nchi ya Ufaransa, katika bonde la mto Loire, tukilala usiku katika majumba ya kale. Twajua ya kuwa wamo miongoni mwenu waliocheka waliposikia habari hii, wakasema, Makarani na farasi, wapi na wapi? Tena wamo waliouliza, na swali lao ni la haki: mtu aliyeketi mezani mwaka mzima akihesabu fedha za watu, ana haja gani ya kwenda kutazama fahari ya wafalme wa kigeni waliokufa zamani?

Jawabu letu ni hili. Mengi katika majumba yale hayakujengwa na wafalme. Yalijengwa na watu wa kazi kama yetu: waweka hazina, makarani wakuu na wakusanyaji wa kodi. Habari zao zatuhusu kuliko habari za wafalme, nasi tungependa mzisikie.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Loire ni mto mrefu kupita mito yote ya Ufaransa. Urefu wake wapata kilometa 1,000. Watoka katika milima ya kusini, ukapinda kuelekea magharibi, hata ukaingia bahari ya Atlantiki. Katikati ya njia yake wapita katika nchi ya tambarare yenye rutuba, yenye ngano, mizabibu na misitu mikubwa ya mialoni. Chini ya ardhi mna mawe meupe yaitwayo tuffeau, laini hata yaweza kukatwa kwa msumeno, nayo ndiyo yaliyojenga majumba mengi ya huko. Mashimo yaliyobaki vilimani leo hutumiwa kuhifadhia mvinyo na kuoteshea uyoga. Katika karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16 wafalme wa Ufaransa walipenda kukaa hapa kuliko Paris. Na popote akaapo mfalme, ndipo wakusanyikapo wenye kuomba vyeo.

Wafalme hao hawakuwa na makao mamoja. Walihama kutoka jumba hata jumba, pamoja na maelfu ya watu na farasi, wakichukua vitanda, mazulia na vyombo vyao. Hata leo neno la Kifaransa la samani, meuble, asili yake ni kitu kiwezacho kuhamishwa. Ndiyo sababu nchi ile yafaa kusafiriwa kwa farasi: tangu jumba moja hata la pili aghalabu ni mwendo wa siku moja, kilometa 15 au 25 au 30. Aendaye kwa motokaa huona majumba manne kwa siku moja, na jioni hawezi kuyatofautisha. Aendaye kwa farasi huliona jumba mbali juu ya miti, likapotea, likatokea tena. Naye hupita katika mashamba yaliyolilisha jumba hilo kabla ya kulifikia lango lake. Mwenda pole hajikwai, tena huona.

Kwetu farasi hawakuenea, kwa sababu ya ndorobo na maradhi mengine ya farasi, na babu zetu walisafiri kwa miguu. Kwa hiyo hakuna mmoja wetu aliyekuwa amepanda farasi tangu utoto. Tulijifunza miezi mitatu kabla ya kuondoka, kila Jumamosi, na wala hatuwafichi ya kuwa kila Jumapili tuliketi kwa taabu kidogo. Kiongozi wetu huko Ufaransa alikuwa bibi mmoja mwenyeji wa nchi ile, mtaratibu wa maneno lakini mkali wa kazi. Sheria yake ya kwanza ilikuwa: farasi kwanza. Tulipofika jioni tumechoka na tuna njaa, hapana aliyeruhusiwa kunywa maji mpaka farasi wake amefunguliwa tandiko, amesuguliwa mgongo, ametazamwa kwato zote nne, amenyweshwa na kupewa majani yake. Sheria yake ya pili ilikuwa juu ya kitambaa kinachowekwa chini ya tandiko. Kikunjo kimoja kidogo kisichozidi upana wa kidole, kikiachwa asubuhi, jioni ni kidonda, na farasi hapandiki tena wiki nzima. Sisi tuliozoea vitabu vya hesabu tulimwelewa upesi.

Safari yetu ilianza Chambord. Jumba hili lilianzwa na Mfalme François wa Kwanza mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400, meko ya kuotea moto 282 na ngazi 77. Katikati pana ngazi mbili zilizojipota pamoja kama nyuzi za kamba, hata apandaye na ashukaye huweza kuonana kwa madirisha wasikutane njiani. Msitu wake umezungukwa na ukuta wa kilometa 32, na ndani yake tulipanda farasi asubuhi nzima tukiona kulungu na nguruwe mwitu. Lakini fikirini jambo hili: mfalme yule alitawala miaka 32, na siku zote alizolala katika jumba hili, zikijumlishwa, ni 72 tu. Lilikuwa kubwa mno na baridi mno kukaliwa. Faida yake iliyo kubwa lilikuja kuitoa baada ya miaka mia nne, mwaka 1939, vita ilipokaribia, picha za thamani za nyumba ya makumbusho ya Louvre, pamoja na ile ya Mona Lisa, zilipoletwa humo kufichwa.

Siku ya pili tulifika Cheverny, jumba jeupe lililojengwa katika karne ya 17 na jamaa ya Hurault, ambao wazao wao wangali wakikaa humo. Wenye jumba hili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Ufaransa waliofungua milango yao kwa watazamaji wenye kulipa, mwaka 1922. Majirani zao wenye vyeo waliona kwamba ni aibu kupokea kiingilio kama wenye duka. Lakini paa la Cheverny halivuji. Siku ya tatu tulipita Chaumont, palipo na mazizi ya farasi yaliyojengwa mwaka 1877 kwa fahari kubwa. Farasi wetu waliochoka walipita mbele yake bila kugeuza kichwa. Wenye mali ile waliishiwa fedha, na mwaka 1938 Serikali ikalichukua jumba.

Siku hiyo jioni tulilala karibu na Amboise, na hapa twaomba tukae kidogo. Watu wengi huenda Amboise kwa ajili ya Leonardo da Vinci, aliyekuja kukaa huko mwaka 1516 kwa mwaliko wa mfalme, akafa tarehe 2 Mei 1519. Sisi tulikwenda kwa ajili ya mtu mwingine, naye ni Mwafrika. Amiri Abd el-Kader wa Algeria aliwapiga vita Wafaransa miaka kumi na mitano, akiwa mpanda farasi asiye na mfano. Mwezi wa Desemba mwaka 1847 alijitoa kwa ahadi ya kwamba atapelekwa Alexandria au Akka, akaishi huko kwa amani. Ahadi haikutimizwa. Alipelekwa Ufaransa, na tangu mwaka 1848 hata 1852 alifungwa katika jumba la Amboise, pamoja na mama yake, wake zake, watoto na wafuasi. Mawe meupe yale yale na madirisha yale yale watazamaji wanayoyasifu, kwake yalikuwa gereza. Alikaa akisali, akisoma, na kuwapokea wageni kwa adabu. Alimjibu hata Jenerali Daumas maswali mengi juu ya farasi wa Sahara, na majibu yake yakachapishwa katika kitabu. Mwaka 1852 Louis-Napoléon alikuja mwenyewe kumwambia kwamba yuko huru. Na mwaka 1860 huko Dameski mfungwa huyu wa Wakristo aliwaokoa maelfu ya Wakristo waliotaka kuuawa.

Katika bustani ya Amboise wamezikwa watu 25 wa jamaa na wafuasi wake waliokufa katika kifungo kile, wamo na watoto. Mwaka 2005 msanii Mwalgeria, Rachid Koraïchi, aliwatengenezea mahali pa ukumbusho, kila mmoja na jiwe lake, wakielekezwa kibla. Tulisimama pale hatuna la kusema. Mmoja wetu alisoma Fatiha, na sisi wengine tukavua kofia.

Kutoka Amboise msitu unakupeleka mpaka mto Cher, na hapo pana Chenonceau, jumba lililosimama juu ya maji. Hapa ndipo tulipokutana na wenzetu wa kazi. Mwaka 1513 mahali hapa palinunuliwa na Thomas Bohier, mkuu wa fedha za mfalme katika nchi ya Normandy. Yeye alikuwa daima safarini pamoja na jeshi la mfalme, na aliyesimamia ujenzi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Mlangoni walichonga herufi za majina yao na maneno yenye maana ya kwamba jumba likimalizika, watakumbukwa. Bohier alikufa Italia mwaka 1524. Vitabu vyake vikakaguliwa, na wakaguzi wakasema kwamba anadaiwa na Serikali fedha nyingi sana. Mwaka 1535 mwanawe alilitoa jumba kwa mfalme ili kulipa deni la baba.

Baada yake walikaa humo mabibi wakubwa, waliojenga daraja juu ya mto, na juu ya daraja ukumbi wa mita 60. Katika miaka ya 1740 mwenye jumba, Bibi Dupin, alikuwa na karani mmoja aliyemwandikia barua na kumnakilia maandiko. Jina la karani huyo ni Jean-Jacques Rousseau. Twawaachia ninyi mfikiri: watu wangapi leo wanajua jina la karani, na wangapi wanajua jina la bwana wa hazina? Katika vita ya 1914 ukumbi ule ukawa hospitali, na majeruhi zaidi ya 2,000 walitibiwa humo. Katika vita iliyofuata, mto Cher ukawa mpaka: ng'ambo ya kaskazini ilikuwa chini ya Wajerumani, ng'ambo ya kusini haikuwa, hata mwaka 1942. Mlango wa mbele wa jumba ulikuwa upande mmoja na mlango wa nyuma upande wa pili, na wako watu waliopita humo usiku wakaokoka.

Siku mbili zilizofuata tuliambaa na mto Indre, mto mdogo wenye vinu vya maji na mierebi, tukafika Azay-le-Rideau. Jumba hili huonekana kana kwamba limeota majini kama yungiyungi. Mjenzi wake ni Gilles Berthelot, mweka hazina wa mfalme na meya wa mji wa Tours, na hapa pia msimamizi wa kazi alikuwa mkewe. Mkilitazama vema mtaona kwamba halikukamilika: lina pande mbili tu. Sababu yake ni hii.

Siku zile mweka hazina alikuwa pia mkopeshaji wa mfalme. Vita vya Italia vilikula fedha kabla kodi haijaja. Mfalme humwambia mtu wake, Tafuta fedha. Naye hukopa kwa jina lake mwenyewe na kwa dhamana ya jamaa zake, kisha kodi ikija hujilipa. Basi mfuko wa Serikali na mfuko wa mtu vikawa mfuko mmoja, hata hapana aliyeweza kusema kwa yakini ipi ya nani. Mkubwa wao, mzee Jacques de Beaune, bwana wa Semblançay, alikaguliwa hesabu zake. Na mwaka 1525 wakaguzi waliona kwamba mfalme ndiye mwenye deni kubwa kwake, naye ana deni kwa mama wa mfalme. Haikumfaa. Mwaka 1527 alinyongwa Montfaucon, nje ya Paris, mbele ya watu. Berthelot aliyekuwa jamaa yake aliposikia hayo alikimbia, akafa ugenini. Mfalme akalichukua Azay akampa askari wake mmoja, na upande wa tatu wa jumba haukujengwa kamwe.

Ndugu wanachama, je, watu hawa walikuwa wezi? Wenye elimu ya historia wangali wakishindana. Twaona sisi ya kwamba huenda hata wao wenyewe wasingaliweza kujibu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mwizi hujijua. Lakini mtu ambaye mfuko wake na mfuko wa watu umekuwa mmoja, ijapokuwa alianza kwa amri ya mkubwa wake na kwa nia njema, siku ya ukaguzi hana pa kusimama. Na mkubwa aliyemwamuru hatakuwapo kumsemea. Wala tusimsahau mkulima. Kodi iliyopita mikononi mwa mabwana hawa ilitoka kwake. Wenye vyeo na makasisi walisamehewa kodi ile iliyoitwa taille. Aliyelipa ni yule mwenye ng'ombe mmoja, naye tena alilipa kodi ya chumvi. Tulipopita katika mashamba kwa mwendo wa farasi, na lango la fahari bado liko mbali, tulikuwa na nafasi ya kulifikiri jambo hilo.

Safari yetu ilikwisha Villandry, kilometa kumi na kitu kutoka Azay. Hili nalo lilijengwa na mtu wa fedha, Jean Le Breton, aliyekuwa pia msimamizi wa ujenzi wa Chambord. Huyu hakunyongwa wala hakukimbia, na jumba lilikaa mikononi mwa jamaa yake hata mwaka 1754. Mwaka 1906 lilinunuliwa na daktari Mhispania, Joachim Carvallo, na mkewe Ann Coleman, likiwa karibu ya kubomolewa. Walilitengeneza upya pamoja na bustani zake za mboga zilizopangwa kama nakshi za jamvi. Mwaka 1924 Carvallo aliwaunganisha wenye majumba ya kale katika chama, wasaidiane na kusema na Serikali kwa sauti moja. Chama hicho kingalipo. Sisi tulio wanachama wa chama tulilisikia jambo hilo kwa furaha, maana jumba lililoanzwa kwa cheo cha mtu mmoja limeokolewa kwa umoja wa wengi.

Sasa neno juu ya malazi yetu. Hatukulala Chambord wala Chenonceau. Hayo ni ya kutazamwa. Tulilala katika majumba madogo ya watu binafsi, ambayo ni mengi nchini, na wenyewe hupokea wageni na kula nao meza moja. Msidhani ni raha tupu. Kuta zina unene wa mita moja, na mwezi wa Mei usiku bado kuna baridi. Ngazi ni nyembamba na maji ya moto huja yapendapo. Lakini usiku mmoja mwenyeji wetu, mzee aliyerithi jumba la baba zake, alituonyesha dari yake. Mlikuwa na ndoo saba zimepangwa chini ya paa la mawe membamba. Akatuambia ya kwamba sheria yawasaidia wenye majumba yaliyoandikwa na Serikali, wala hawaruhusiwi kuyaharibu. Lakini paa halijui sheria, lajua fundi tu. Kila mgeni alalaye kwake, alisema, ni vipande kadhaa vya paa. Tulikumbuka methali yetu: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maneno ya mzee yule yalitufuata mpaka kwetu. Mwaka 2000, ule ule ulioandikiwa bonde la Loire, UNESCO iliuandika pia Mji Mkongwe wa Unguja. Na mwezi wa Desemba mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Ndoo chini ya paa si aibu ya Wafaransa peke yao. Wengi wetu tumefanya kazi Kilwa, Bagamoyo au Lamu miaka mingi, tusipande hata siku moja kwenda kuzitazama kuta za kale zilizo nusu saa kutoka ofisini. Twashauri kwamba kila tawi la chama litenge siku moja ya likizo kwa kazi hiyo, kwa miguu, kama babu zetu.

Kwa wale watakao kuifuata safari ya Loire, twasema kwa ufupi. Nendeni mwezi wa Mei au Juni, siku ni ndefu na mwanga hudumu hata saa tatu na zaidi usiku. Tangu vuli mpaka mwisho wa baridi misituni kuna wawindaji. Jifunzeni kupanda kabla ya kwenda. Semeni ukweli juu ya uzito wenu, maana farasi ataujua. Wekeni akiba miaka miwili kuliko kukopa mwezi mmoja; baada ya kusikia habari za Bwana Berthelot, hatudhani kwamba twahitaji kueleza zaidi.

Ndugu zetu, hatukurudi tukiwahusudu wenye majumba yale. Tumerudi tukiwa na jambo moja la kuangalia kila asubuhi kabla ya kufungua daftari: kile kikunjo kidogo chini ya tandiko.